Picha Inapovunjika Vipande: Kutafuta Chanzo cha Mikatiko kwenye Kanda za MiniDV

Kabla ya simu kuchukua kazi hiyo, kanda ndogo za video za MiniDV ndizo zilizohifadhi harusi nyingi, maulidi, mahafali, mikutano ya kampeni na ngoma katika miji na vijiji vya Mtwara na Lindi. Kanda hizo sasa zinatolewa kabatini ili zihamishiwe kwenye kompyuta, na mara nyingi kinachoonekana ni picha iliyovunjika vipande vya mraba, inayoganda kisha ikaruka, huku sauti ikikatika katikati ya neno. Mwenye kanda huambiwa kwamba kanda yake imekufa. Hukumu hiyo hutolewa mapema mno, kwa kuwa mkatiko wa namna moja unaweza kutokana na kanda yenyewe, na hedi chafu (yaani vile vichwa vidogo vinavyosoma kanda ndani ya kamera), na njia ya kanda iliyoharibika ndani ya kamera, na unyevu, na waya, au na kompyuta; tena dawa ya chanzo kimoja inaweza kuwa sumu kwa kingine. Anayesugua hedi wakati kosa liko kwenye waya anazimaliza hedi bure, na anayeendelea kucheza kanda yenye ukungu anaupeleka ukungu huo kwenye kanda zake nyingine zote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kosa liko wapi, na kazi hiyo hufanywa kwa macho na subira kabla ya mkono kugusa chochote.

Namna kamera inavyosoma kanda

Mfumo wa DV (video ya dijitali), unaotumiwa na kanda za MiniDV, uliingia sokoni mwaka 1995. Kanda yake ina upana wa milimita 6.35, na picha haikuandikwa juu yake kwa msitari mmoja mrefu, bali kwa njia nyembamba zilizolala mshazari, kila moja ikiwa na upana wa mikromita 10 tu. Ndani ya kamera kuna silinda ndogo inayozunguka mara 9,000 kwa dakika, na juu yake kuna hedi mbili zinazopokezana: moja husoma njia hii, ya pili husoma njia inayofuata. Katika mfumo wa televisheni wa PAL, ambao ndio uliokuwa wetu Tanzania, picha moja hukaa kwenye njia 12, na kila sekunde ina picha 25. Katika mfumo wa NTSC, ambao ni wa Japani na Marekani, picha moja hukaa kwenye njia 10.

Kwa kuwa njia hizo ni nyembamba kuliko unywele wa mtu, chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuziba habari nyingi. Waliobuni mfumo walilijua hilo, wakaweka ndani ya kanda habari za ziada zinazoiwezesha kamera kusahihisha makosa madogo bila mtazamaji kutambua. Makosa yakizidi uwezo huo, kamera huficha pengo kwa kuazima kipande cha picha iliyotangulia, na hapo ndipo vinapoonekana vile vipande vya mraba vilivyobaki nyuma wakati watu wengine kwenye picha wanaendelea kutembea. Ni vizuri kulielewa jambo hili, kwa sababu linamaanisha kwamba kanda inayoonekana safi inaweza kuwa tayari imo ukingoni, na kwamba kamera yenye hedi nzuri zaidi inaweza kuisoma bila doa kanda ambayo kamera nyingine imeishindwa kabisa.

Cheza dakika ileile zaidi ya mara moja

Kabla ya kuiingiza kanda kwenye kamera, sogeza kile kitufe kidogo kilichoko mgongoni mwa kaseti hadi upande ulioandikwa SAVE, ili kidole kisichokusudia kisije kikafuta harusi ya mtu. Kisha tazama kupitia kidirisha cha kaseti penye mwanga mzuri. Kanda nzima huonekana imejikunja sawasawa, kingo zake zikiwa zimelingana. Ukiona unga mweupe, nyuzi nyembamba au madoa yenye manyoya kwenye kingo hizo, huo ni ukungu. Usiicheze kanda hiyo, na usiiweke pamoja na nyingine, mpaka usome sehemu ya unyevu hapo chini. Ukiona kanda imekunjamana au imechungulia nje ya kaseti, mpelekee fundi mwenye mkono mwepesi, maana kamera haina huruma na kanda iliyolegea.

Kanda iliyokaa miaka mingi bila kuzungushwa huwa imekaza mahali pamoja na kulegea mahali pengine. Ipeleke mbele hadi mwisho, kisha irudishe nyuma hadi mwanzo, bila kuicheza. Hatua hii haigharimu chochote, na baadhi ya mikatiko, hasa ile ya mwanzo wa kanda, hupungua kwa hatua hiyo peke yake.

Sasa icheze na uangalie skrini ya kamera yenyewe, waya zote zikiwa zimechomolewa. Mkatiko unapotokea, andika muda unaoonyeshwa pembeni mwa skrini, rudisha nyuma kidogo, na ucheze tena sehemu hiyohiyo mara mbili tatu. Jibu utakalolipata hapa lina thamani kuliko vifaa vyote vya kusafishia. Ikiwa picha inavunjika mahali palepale kila mara na kwa namna ileile, kosa liko kwenye kanda: pengine tabaka la metali limechubuka, au mkunjo umepita hapo, au kosa hilo lilirekodiwa tangu siku ya tukio kwa sababu hedi za kamera iliyorekodi zilikuwa chafu. Ikiwa mkatiko unahamahama, mara hapa mara pale, au unazidi kadiri dakika zinavyokwenda, kosa liko kwenye kamera unayochezea. Na ikiwa skrini ya kamera inaonyesha picha safi lakini faili la kwenye kompyuta lina mikatiko, basi kanda na hedi hazina hatia yoyote.

Fuatisha jaribio hilo kwa jingine. Weka kanda nyingine unayoijua kuwa nzuri, uicheze. Kisha weka kanda tupu, rekodi dakika chache kwa kamera hiyohiyo, urudishe na kutazama. Kamera ikirekodi na kusoma kazi yake mpya bila kasoro, hedi zake zina afya, na shida ni ya kanda ya zamani au ni ya tofauti kati ya kamera hiyo na ile iliyorekodi. Kanda mpya nayo ikitoka imevunjika, usiguse tena kanda za thamani mpaka kamera itengenezwe. Naomba msomaji asiruke jaribio hili hata kama mwenye kazi amesimama mlangoni anasubiri, kwa sababu kila mara kanda ya zamani inapopita kwenye kamera mbovu inaweza kutoka na mchubuko mpya.

Sura za mikatiko na maana zake

Sura iliyo rahisi kuitambua kuliko zote ni ile ya picha kugawanyika mistari mipana ya mlalo, mmoja unatembea, mwingine umeganda au hauna kitu, kwa zamu, kuanzia juu hadi chini. Katika PAL huhesabika mistari 12, na katika NTSC 10. Hiyo ni hedi moja iliyoziba, kwa sababu zile njia zinazosomwa na hedi ya pili bado zinafika salama. Hedi zote mbili zikiziba, skrini huwa ya buluu au nyeusi, na sauti hupotea kabisa, ingawa kanda inaonekana inazunguka.

Vipande vichache vya mraba vinavyojitokeza na kutoweka mara mojamoja ni vumbi au uchakavu wa kanda. Vipande vinavyokaa eneo moja la picha dakika baada ya dakika, tuseme sehemu ya chini tu, huashiria kwamba kanda haipiti sawasawa kwenye vigingi vinavyoiongoza kuizunguka silinda. Tatizo hili la njia ya kanda huzaliwa na kamera iliyoanguka au iliyofunguliwa na mtu asiye na vipimo. Hapo kusafisha hakusaidii. Tena vigingi hivyo visiguswe kwa kubahatisha, kwa kuwa robo ya mzunguko wa bisibisi yaweza kuifanya kamera isisome kanda yoyote nyingine duniani isipokuwa ile itakayoirekodi yenyewe.

Kuna makosa mengine yanayofanana na mikatiko ilhali si mikatiko. Kanda iliyorekodiwa kwa mwendo wa polepole wa LP, ambao huifanya kanda ya dakika 60 ichukue dakika 90, ina njia nyembamba zaidi, za takriban mikromita 6.7, na mara nyingi husomwa vizuri na kamera iliyoirekodi peke yake. Ukikutana na kanda ya LP inayovunjika kuanzia mwanzo hadi mwisho, mtafute mpiga picha aliyeirekodi na uulize kama kamera yake ya zamani bado ipo, hata ikiwa imevunjika skrini, mradi inazungusha kanda na kutoa picha kwenye waya. Wapiga picha wakongwe wa harusi wa Mtwara mjini, Masasi, Nachingwea na Lindi wanafaa kuulizwa kwanza, maana vifaa vya kazi havitupwi haraka.

Kamera zilizotumika zinazotoka Japani na Marekani ni za NTSC, na nyingi za nyumbani haziwezi kuonyesha kanda ya PAL. Hutoa skrini tupu au vurugu tupu. Hali kadhalika kanda iliyorekodiwa kwa HDV, mfumo wa picha za ubora wa juu (HD) uliotangazwa mwaka 2003 na unaotumia kaseti ileile, haionekani kwenye kamera ya DV ya kawaida. Kwenye kamera ya HDV yenyewe kosa dogo haliji kwa sura ya miraba michache. Picha nzima huganda kwa takriban nusu sekunda, kwa sababu picha 12 hubanwa pamoja kama kundi moja na kutegemeana. Kabla ya kuilaumu kanda, soma maandishi ya kwenye kaseti na umuulize aliyerekodi alitumia kamera gani.

Kusafisha hedi

Anza na kanda kavu ya kusafishia iliyotengenezwa kwa ajili ya MiniDV. Iingize, bonyeza kitufe cha kucheza, na uisimamishe baada ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, ambao mara nyingi ni sekunde 10 hivi. Usiirudishe nyuma ili utumie tena sehemu ileile, kwa sababu sehemu hiyo tayari imebeba uchafu na sasa itaurudisha kwenye hedi. Kanda hii husugua, ndiyo kazi yake. Anayeiachia izunguke dakika nzima kwa kudhani kwamba usafi utazidi anapunguza uhai wa hedi ambazo vipuri vyake ni vigumu kupatikana siku hizi. Baada ya kusafisha, cheza kanda nzuri ya majaribio, si kanda ya mteja. Hali isipobadilika, rudia mara moja au mbili, kisha acha.

Wakati mwingine hedi hufunguka kwa kuchezwa kanda nzuri kwa dakika chache, na wakati mwingine kwa kupeleka picha mbele kwa kasi huku ikionekana kwa sekunde chache, ndipo kibandiko cha uchafu kikang'oka. Jaribio hilo lifanywe kwa kanda isiyo na thamani.

Kusafisha kwa kimiminika ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya, kwa kuwa kwenye kamera ndogo nafasi ya kuifikia silinda ni finyu sana. Kimiminika kinachofaa ni alkoholi ya isopropili yenye usafi wa asilimia 99. Spiriti ya vidonda ina maji mengi, na spiriti ya kuwashia ina rangi na mabaki. Zote mbili zisifike hapo. Tumia kijiti chenye ngozi laini au sponji isiyotoa nyuzi, wala usitumie kijiti cha masikio, kwa sababu unyuzi mmoja wa pamba ukinasa kwenye ncha ya hedi unaweza kuivunja. Betri ikiwa imetolewa, kishikilie kijiti kikiwa kimetulia ubavuni mwa silinda, bila kukandamiza, halafu uizungushe silinda taratibu kwa kidole kilichovaa glovu safi, ukiigusa juu tu. Kamwe usipandishe na kushusha kijiti, maana ncha ya hedi imechomoza kidogo sana nje ya silinda na haivumilii kusukumwa kutoka juu au chini. Pangusa pia vigingi na kile kigurudumu cha mpira kinachovuta kanda, kwa kijiti kingine kipya, kisha iache kamera wazi mahali pasipo na vumbi hadi kila kitu kikauke kabisa. Kupuliza kwa mdomo kusifanyike, kwa sababu pumzi ina mate.

Uchafu wa hedi hutoka pia kwenye kanda zenyewe. Watengenezaji hawakutumia kilainishi cha aina moja, na wapiga picha wengi wazoefu walishika desturi ya kutumia kanda za kampuni moja tu ndani ya kamera moja. Anayehamisha kanda za familia za zamani hana uchaguzi huo. Ninachopendekeza ni kuzipanga kanda kwa aina zake, kumaliza aina moja kabla ya kuingia nyingine, na kuicheza kanda ya majaribio kila unapobadili aina, ili uchafu ugunduliwe mapema.

Unyevu, chumvi na vumbi la kwetu

Vitabu vya maelekezo vya kamera hizi hushauri mahali pakavu na pa baridi kiasi, na pwani ya kusini haina sifa hizo. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zinaponyesha na joto likiwa kali, hewa ya Mikindani, Mtwara mjini, Lindi na Kilwa hujaa maji, na ile ya ufukweni hubeba chumvi juu yake. Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi ikitolewa nje ghafla hufanya umande juu ya silinda, na kanda yenye unyevu hung'ang'ania silinda hiyo badala ya kuteleza. Hali inakuwa hivyo pia kwa anayeshuka na kamera kutoka Newala, ambako alfajiri huwa na ubaridi, akafika pwani saa tano mchana na kuifungua papo hapo. Iache kamera ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa saa moja au zaidi mpaka ipate joto la mahali ilipo, ndipo uingize kanda.

Kamera nyingi zina kitambuzi cha umande na hukataa kufanya kazi zikiugundua. Kwenye kamera nyingi za Sony, alama inayoanza na C:21 humaanisha umande, na ile inayoanza na C:22 humaanisha hedi chafu. C:31 na C:32 hutokea kwa hitilafu nyingine, na hatua ya kwanza kwa hizo ni kutoa kanda, kutoa chanzo cha umeme na kukirudisha. Alama ya umande ikitokea, toa kanda, acha mlango wa kaseti wazi, na usubiri angalau saa moja. Kuikausha kamera kwa feni ya nywele au kuianika juani ni kuiharibu.

Kwa kanda yenye unyevu lakini isiyo na ukungu, iweke ndani ya chombo cha plastiki kinachofungwa vizuri pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyopatikana ndani ya viatu na mikoba mipya, kwa siku kadhaa. Watu hupenda kutumia mchele. Mchele una vumbi lake la unga, na vumbi hilo huishia kwenye kaseti. Silika ni bora zaidi. Kanda yenye ukungu itengwe kwenye mfuko wake, ikaushwe kwa silika, na kazi ya kuisafisha iachiwe mwenye mashine maalumu ya kupangusia kanda. Kama ina tukio lisilopatikana pengine popote na hakuna msaada wa karibu, afadhali isubiri katika ukavu kuliko kuchezwa kwa pupa, kwa sababu ukavu husimamisha ukungu usiendelee kuila.

Kuhusu vumbi, barabara za Tandahimba, Newala na Liwale zinajulikana, na kila mpiga picha aliyepanda gari la mizigo na kamera begani analijua. Lakini lipo jingine ambalo halitajwi mara nyingi, nalo ni salfa. Katika msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, unga wa salfa husambaa hewani na hukaa kwenye nguo, magunia na kuta za stoo. Ni unga laini mno unaopenya kila upenyo, na salfa hubadilisha rangi na kuchakaza shaba na fedha zilizomo kwenye viunganishi vya vifaa vya umeme. Kanda na kamera zisihifadhiwe chumba kimoja na magunia hayo, hata kama zimo kabatini.

Mikatiko inayotoka kwenye waya na kompyuta

DV huhamishwa kwa waya wa FireWire, ambao Sony waliuita i.LINK, na kwa kamera nyingi hiyo ndiyo njia pekee inayoleta habari zile zilizomo kwenye kanda bila kuzibadilisha. Tundu la USB la kamera nyingi za MiniDV lilikusudiwa picha za mnato au video ya ubora mdogo, na waya wa rangi tatu hugeuza picha kuwa analogi kwanza. Zima kamera na kompyuta kabla ya kuunganisha FireWire, kwani kuichomeka vifaa vikiwa vimewashwa kumeshaunguza matundu mengi. Kichwa kidogo cha waya huu hulegea kwa urahisi, na kulegea kwake huleta mikatiko inayofanana kabisa na ya hedi chafu, isipokuwa kwamba skrini ya kamera hubaki safi.

Saa moja ya DV huhitaji takriban gigabaiti 13, kwa mwendo wa megabaiti 3.6 kila sekunde. Mwendo huo ni mdogo kwa diski za leo, lakini kompyuta ya zamani yenye diski iliyojaa, inayoendesha programu nyingine na kukagua virusi wakati huohuo, huangusha picha njiani. Programu ya kuhamishia ikionyesha idadi ya picha zilizoanguka, iangalie: idadi ikipanda huku kamera ikionyesha picha safi, funga programu nyingine na uhamie diski yenye nafasi. Diski iliyofomatiwa kwa FAT32 haikubali faili kubwa kuliko gigabaiti 4, kwa hiyo faili lako litakatika kabla ya dakika 20 kutimia, nalo si kosa la kanda. Vilevile, mahali ambapo mpiga picha aliacha pengo tupu kati ya tukio na tukio, hesabu ya muda kwenye kanda huanza upya kutoka sifuri, na programu nyingi husimama hapo. Ruka pengo hilo na uanze faili jipya.

Umeme nao usisahaulike. Tumia betri iliyojaa kwenye kamera na kompyuta yenye betri yake, au kifaa cha kuhifadhi umeme, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi kanda inaweza kubaki imezungushwa kwenye silinda, na ikakaa hapo mpaka usiku.

Kanda yenye makosa ya kudumu haimaanishi kwamba picha zake zimepotea. Ihamishe mara kadhaa, na ikiwezekana kwa kamera mbili tofauti, kwa sababu kila usomaji hupata baadhi ya vipande ambavyo mwingine umevikosa. Programu ya bure iitwayo DVRescue husoma mafaili hayo, huonyesha ni picha zipi zenye vipande vilivyofichwa, na huunganisha sehemu njema za kila faili kuwa faili moja. Kwa sababu hiyo hifadhi faili la DV kama lilivyotoka kwenye kanda, wala usilibane kuwa MP4 kabla ya kuunganisha. Likishabanwa, alama za makosa zinapotea, na programu haiwezi tena kutofautisha kipande halisi na kipande cha kuazima.

Kanda za unyago zinahitaji uangalifu wa aina yake. Yaliyomo hayakukusudiwa macho ya kila mtu, na fundi mwanamume hana haja ya kuyatazama ili kutengeneza kamera. Majaribio yote ya hapo juu yafanywe kwa kanda nyingine, na kamera ikishathibitishwa kuwa nzima, mwanamke wa familia yenye kanda akae mwenyewe kwenye mashine, aanzishe uhamishaji, aandike dakika zenye mikatiko, na aondoke na diski yake. Kazi ya fundi hapo ni kuandaa kifaa na kufundisha vitufe viwili au vitatu.

Faili likishakamilika, lihifadhi kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na kila mwaka zifunguliwe zote mbili kuona kama zinasomeka. Kanda yenyewe isitupwe. Irudishe nyuma hadi mwanzo, iache kitufe chake upande wa SAVE, isimamishe wima ndani ya kasha lake pamoja na kifuko cha silika kinachobadilishwa kinaposhiba unyevu, mbali na spika na ukuta unaopigwa na mvua za kaskazi, na uandike juu yake kwa kalamu ya wino mfumo wake, mwendo wa SP (wa kawaida) au LP, na kamera iliyoisoma vizuri.